UZI: Madoa meupe, velveti na vimelea vingine vya samaki wa maji chumvi (dozi, hatua na makosa yanayoua samaki)

#1 Kangaja_Bluu

Wakuu, swali ni lile lile kila mara: "Samaki wangu katoka vidoa, nimwekee dawa gani?" Majibu yanakuja kumi na kila mmoja na dawa yake. Tulimalizie hapa. Wenye ujuzi wa karantini, hadubini na vipimo karibuni muongeze na mkosoe.

Kabla ya dawa, jua unapambana na nini. Dawa inayoua kimelea kimoja haigusi kingine, na viwili kati ya hivi havikupi wiki ya kubahatisha.

Madoa meupe, *Cryptocaryon irritans*. Ni punje zinazohesabika, mwanzo kwenye mapezi halafu mwilini. Samaki anajisugua kwenye mawe lakini chakula bado anakimbilia. Kangaja, hasa yule wa buluu mwenye uso mweusi (*Acanthurus leucosternon*, yupo mwambao wetu wote), huwa wa kwanza kuonyesha.

Velveti, *Amyloodinium ocellatum*. Hapa huhesabu kitu, ni vumbi laini la rangi ya dhahabu au kijivu, na unaliona ukimulika tochi kutoka ubavuni. Tatizo ni kwamba huanzia kwenye matamvua, hivyo wengi hufa kabla vumbi halijaonekana. Dalili za mapema: anapumua kwa kasi, anaukimbia mwanga, anajipanga mbele ya mkondo wa pampu na kubaki hapo, anakataa kula. Ukiona hayo manne kwa pamoja, usisubiri doa. Una siku mbili, tatu.

*Brooklynella hostilis*. Ngozi inatoa ute mzito unaochubuka na kuning'inia. Klauni walionaswa baharini ndio waathirika wakubwa, ingawa samaki wengine pia hupata. Huyu naye ni wa saa, siyo wa wiki.

Minyoo bapa, *Neobenedenia* na ndugu zake. Jicho linapata ukungu, samaki anatikisa kichwa, anajikuna, mapezi yanachakaa. Minyoo yenyewe ni angavu, huioni ikiwa juu ya samaki.

*Uronema marinum*. Kidonda chekundu ubavuni kama ameungua, sana kwa kromisi wa kijani. Nitaliacha kwa wengine kwa sababu nina maneno machache tu ya heri juu yake.

Na kivimbe cheupe kama koliflawa kwenye ncha ya pezi, kisichoongezeka wala kuhama, hicho ni limfosisti, ni virusi. Hakihitaji dawa yoyote ya uzi huu. Maji safi, chakula kizuri, mwache.

---

#2 MwanaShimoni

Umeeleza vizuri mkuu. Naongeza mzunguko wa maisha wa *Cryptocaryon*, kwa sababu asiyeuelewa huu atabishana na dozi siku zote.

Kimelea kinaingia chini ya ngozi ya juu ya samaki, kinakula na kunenepa kwa siku 3 hadi 7. Hilo ndilo doa. Kikishashiba kinatoka chenyewe, mara nyingi gizani, kinazama na kujishikiza kwenye jiwe, mchanga, kioo au hata gamba la konokono, kisha kinajifungia ndani ya kifuko. Humo kinagawanyika na kutoa vichanga mia mbili hivi au zaidi. Kifuko hupasuka kuanzia siku ya 3. Vingi huwa vimepasuka ndani ya wiki nne, lakini kuna vilivyorekodiwa kupasuka baada ya siku 72. Vichanga vikitoka vina saa chache za nguvu, na kisipopata samaki ndani ya siku moja au mbili kinakufa.

Sasa: shaba, klorokwini, taa ya UV, vyote vinaua *kichanga kinachoogelea* tu. Kilicho chini ya ngozi kinalindwa na samaki, kilicho ndani ya kifuko kinalindwa na kifuko. Ndiyo maana doa kutoweka siku ya nne hakumaanishi samaki amepona. Mdudu katoka kwenda kuzaa. Na ndiyo maana hakuna tiba ya siku tano, hata chupa iandikwe nini.

Velveti inafuata mtindo huo huo ila kwa kasi zaidi: kifuko kimoja kinaweza kutoa vichanga 256, na vinaweza kukaa hai wiki mbili bila samaki. *Brooklynella* haina kifuko kinachojulikana, inajigawa mara mbili mbili juu ya samaki mwenyewe. Kutokana na hilo tiba yake ni tofauti kabisa.

---

#3 Mchangani

Wakuu, mimi tangi langu lina matumbawe na kamba. Hakuna dawa ya kumwaga humo humo? Dukani kuna chupa imeandikwa salama kwa matumbawe.

---

#4 Kangaja_Bluu

@Mchangani hakuna, ndugu. Kinachomaliza kichanga cha *Cryptocaryon* kinamaliza pia kamba, konokono na matumbawe. Kisichodhuru kamba, kwa kiwango hicho hakimalizi kimelea. Chupa hizo samaki "hupona" nazo kwa sababu doa lilikuwa litoke lenyewe siku ile.

Njia ni moja: samaki WOTE wanatoka, hata asiye na doa, wanatibiwa kwenye tangi lingine, na tangi kubwa linabaki na matumbawe yake bila samaki hata mmoja kwa siku 76. Wapo wanaopunguza hadi 45 ikiwa maji yako 27°C bila kushuka, maana joto linaharakisha vifuko kupasuka. Mimi nasema 76 kwa anayetaka kulala usingizi. Samaki mmoja mdogo ukimsahau nyuma ya jiwe, hesabu haijaanza.

---

#5 FundiTangi

Nichukue upande wa shaba, kwani hapa ndipo samaki wengi wanauawa na mwenyewe na siyo na mdudu.

Tangi. Lita 80 za maji halisi. Pima kwa ndoo unapojaza, usiamini namba ya dukani. Tangi la "lita 100" likishapunguzwa ukingo na vifaa huwa na 85. Ndani weka filta ya sponji, pampu ya hewa, hita, na vipande vya bomba la PVC la inchi 2 vya samaki kujificha. Usiweke mchanga, mawe wala mkaa wa filta. Mawe na mchanga wa matumbawe ni kalsiamu kaboneti. Hunyonya shaba, kipimo kinashuka, unaongeza, yananyonya tena, halafu siku pH ikianguka yanaitema yote kwa mpigo.

Mrututu. Kwa anayetumia mrututu wenyewe (salfeti ya shaba): nunua fuwele za buluu za maabara. Unga wa duka la kilimo soma lebo vizuri, mwingi siku hizi ni kopa oksikloridi au hidroksidi. Hizo siyo. Mrututu wenye maji yake matano una shaba 25.45% ya uzito, kwa hiyo:

Pima gramu 3.93 kwa mizani ya sonara. Yeyusha kwenye maji ya betri (yale ya kuongezea, SIYO tindikali) hadi jumla ifike lita 1. Sasa kila ml 1 ina mg 1 ya shaba. Andika chupa, funga mbali na watoto.

Kiwango cha tiba ni 0.15 hadi 0.20 mg kwa lita. Lita 80 × 0.20 = mg 16, yaani ml 16. Usimwage zote. Ml 4 asubuhi, ml 4 jioni, siku mbili, na upime kabla ya kila dozi. Ikiwa ni velveti huna anasa hiyo, fikisha ndani ya saa 24.

Chini ya 0.15 hutibu kitu, unamtesa samaki bure. Juu ya 0.25 samaki anaacha kula na matamvua yanaanza kuharibika. Nafasi ya kukosea ni nyembamba hivyo, na mrututu kwenye maji chumvi haukai: unaungana na kaboneti na kuzama. Kipimo cha asubuhi siyo cha jioni. Anayeshindwa kupima mara mbili kwa siku asitumie mrututu.

Kubadili maji. Maji mapya yawekewe shaba ndani ya ndoo kabla. Lita 20 unazorudisha zinataka ml 4. Ukisahau hapa umeshusha kiwango kwa robo bila kujua.

Muda. Hesabu inaanza siku kiwango kimefika, siyo siku uliyoanza kumimina. Siku 14 mfululizo kisha samaki ahamie tangi safi lisilowahi kuguswa, au siku 30 kama atabaki humo humo. Kiwango kikianguka chini ya 0.15 usiku mmoja, unarudi sifuri.

Wasiovumilia: papa na taa kabisa, bunju na mkunga kwa sehemu kubwa, mandarini, na malaika wadogo wa jamii ya *Centropyge* huyumba. Hao waende njia ya kuhamisha tangi.

---

#6 Bi_Matumbawe

Maelezo ya FundiTangi ni ya mrututu tu, msiyabebe kwenda kwenye chupa za dukani. Namba ni tofauti kwa sababu shaba yenyewe imefungwa tofauti:

Cupramine: lengo 0.5 mg kwa lita.
Copper Power: lengo 2.0 hadi 2.5 mg kwa lita.

Aliyemwaga Cupramine hadi 2.0 ameua samaki. Aliyeweka Copper Power hadi 0.5 amewaosha tu. Haya mawili yanatokea sana, na lawama inaangukia "shaba".

Kwa asiyezoea, Copper Power ndiyo ninayoshauri. Kwanza haizami haraka. Pili, kipimo cha Hanna HI702 kina kosa la kama 0.05 juu au chini. Kwenye 2.25 hilo si kitu. Kwenye 0.18 hilo ndilo tofauti kati ya kutibu, kutokutibu na kusumbua matamvua. Vipimo vya matone vya rangi ni vibaya zaidi, jicho haliwezi kutofautisha 0.15 na 0.25 chini ya taa ya sebuleni.

Na hili la Cupramine liandikwe ukutani: usiichanganye na dawa za kuondoa klorini au amonia, mfano Prime. Zinageuza shaba kuwa umbo lenye sumu kali zaidi kwa samaki. Amonia ikipanda, badili maji. Karantini (tangi la tiba) isiyo na bakteria wa kula amonia kwenye sponji itapandisha amonia tu, hivyo sponji ilale kwenye tangi kubwa wiki kadhaa kabla ya kuhitajika.

---

#7 Mchangani

Dada nimekupata. Swali: kama sponji imetoka kwenye tangi lenye ugonjwa, si inabeba vifuko?

---

#8 Bi_Matumbawe

Inabeba. Ikiingia kwenye tangi lenye shaba haina neno, vichanga vikitoka vinakutana na dawa. Ikiingia kwenye mzunguko wa kuhamisha tangi, umeharibu kazi yote. Huko sponji iwe mpya na kavu.

---

#9 MwanaShimoni

Hapo hapo niielezee kuhamisha tangi, kwa sababu haitumii dawa yoyote na ni nzuri kwa kangaja, mandarini na malaika wadogo. Ni kwa *Cryptocaryon* PEKE YAKE. Velveti na *Brooklynella* zitakufuata ndoo kwa ndoo.

Wazo lake: kimelea kilicho juu ya samaki kitadondoka ndani ya siku 7, na kifuko hakipasuki kabla ya siku 3. Basi samaki asikae na kifuko zaidi ya saa 72.

Unahitaji vyombo viwili vya lita 40, kila kimoja na pampu yake ya hewa, hita yake na bomba lake la kujificha. Siku ya 1 samaki anaingia A. Siku ya 4 anahamia B. Siku ya 7 anarudi A iliyosafishwa. Siku ya 10 B. Siku ya 13 anatoka kwenda tangi safi la mwisho. Kila mara maji mapya kabisa, chumvi na joto sawasawa na alikotoka.

Kinachokwenda kombo:

Saa. Saa 72 ndiyo mpaka, siyo "siku ya tatu nikitoka kazini". Ukianza saa mbili asubuhi, hamisha kabla ya saa mbili asubuhi.

Maji yanayoambatana. Mshike kwa kikombe cha plastiki chenye matundu, mwache achuruzike sekunde mbili, mtie. Wavu unakamata mwiba wa kangaja mkiani na kumchana.

Kukausha. Chombo kilichotoka kinaoshwa kwa jiki, kinasuuzwa, kisha kinakauka kabisa kwa saa 24. Kipindi cha masika Dar au Mombasa ndoo ndani ya nyumba haikauki hata siku mbili. Fungua hita, pampu, mipira ya hewa, uifute kwa taulo, iweke upepo wa feni au juani. Jiwe la hewa halikauki ndani hata kidogo, tupa na uweke jipya kila mzunguko.

Amonia ndani ya saa 72 haina budi kupanda kidogo kwa sababu hakuna filta iliyokomaa. Lisha mara moja kwa siku, kidogo. Prime hapa ruksa maana hakuna shaba.

---

#10 Matrah_Muscat

Salaam ndugu zangu. Kuna walioko huku Ghuba na huko nyumbani wanaotumia maji yaliyopunguzwa chumvi. Inafanya kazi kwa *Cryptocaryon*, lakini wengi wanaifanya nusu nusu.

Kiwango ni uzito wa maji 1.009, sawa na chumvi kama gramu 12 kwa lita. Siyo 1.012, siyo "kama 1.010 hivi". Shusha kwa saa 48 kwa kubadili maji ya chumvi na matamu, kaa hapo siku 30 kamili, kisha panda taratibu kwa siku 5 hadi 7. Kushuka samaki anavumilia. Kupanda haraka ndiko kunakomuumiza.

Rifraktomita (kifaa cha kupimia chumvi) ipimwe kwanza kwa mmumunyo wa gramu 35, halafu ihakikishwe na maji ya betri isome sifuri, kwa sababu tunasoma upande wa chini wa kipimo ambako kosa huwa kubwa. Hizi za mkono wa plastiki zenye sindano zisahauni. Maji yakikauka, chumvi inapanda; tangi wazi chumbani kwenye AC linapoteza maji kila siku. Ongeza maji matamu asubuhi na jioni.

Maji haya hayana nguvu ya kushika pH. Bekingi soda gramu 5 kwa lita 100 inaongeza kaboneti kama dKH 1.7 (dKH ni kipimo cha kaboneti majini). Pima pH kila siku, ibaki 8.0 hadi 8.3.

Na hapa naonya: zipo aina za *Cryptocaryon* zinazostahimili chumvi ndogo. Velveti inaishi hata kwenye gramu chache za chumvi kwa lita. Kama huna hakika ni nini, usianze na hii.

---

#11 FundiTangi

Kweli kabisa sheikh. Nyongeza fupi: bakteria wa sponji wanayumba chumvi ikishuka, pima amonia kila siku wiki ya kwanza.

---

#12 Dokta_Hadubini

Naona watu wanatambua ugonjwa kwa picha za simu. Hadubini ya shule ya ukuzaji mara 40 hadi 100 inatosha na inamaliza ubishi kwa dakika tano.

Samaki awe hai au amekufa dakika hizi hizi. Akilala saa mbili amekufa, vimelea vimeshaondoka na vilivyobaki ni bakteria. Chukua kioo chembamba cha kufunikia, pitisha ukingo wake polepole nyuma ya pezi la ubavu kuelekea mkiani, mara moja, bila kukwangua magamba. Weka ute kwenye kioo na tone la maji ya tangi LAKE (maji matamu yatapasua kila kitu), funika, tazama.

*Cryptocaryon*: duara kubwa, jeusi katikati, linazunguka polepole na kingo zake zinatetemeka kwa vinywele.
*Amyloodinium*: umbo la pea au yai, kahawia, HALISOGEI, limejishikiza. Kama ni samaki aliyekufa, kata kipande cha tamvua. Huko ndiko vilikojaa.
*Brooklynella*: umbo la haragwe, inateleza, vinywele upande mmoja.
*Uronema*: dogo kuliko vyote, umbo la tone, linakimbia ovyo.

Hili la *Uronema* ambalo Kangaja_Bluu alilikwepa: anaishi na kula bakteria hata bila samaki. Kwa hiyo tangi kukaa tupu siku 76 hakumsumbui. Akishaingia kwenye misuli, dawa ya majini haimfikii. Kinga yake ni kutonunua kromisi waliorundikwa kwenye tangi chafu na kutowasonga nyumbani.

---

#13 Kangaja_Bluu

Ahsante dokta. Nimalizie *Brooklynella* na minyoo.

*Brooklynella*: fomalini ya 37%. Ndoo ya lita 10 ya maji ya tangi, jiwe la hewa likitoa kwa nguvu, ml 2.5 za fomalini, dakika 45, ukiwa umesimama pale pale. Maji yakizidi 27°C, na kwa hali ya hewa yetu yatazidi, punguza hadi ml 1.5. Fomalini inakula oksijeni ya maji, ndiyo maana hewa siyo hiari. Samaki akilala ubavu, mtoe hapo hapo. Baada ya hapo aende tangi safi, siyo alikotoka. Chupa yenye mashapo meupe chini usitumie, yale ni sumu zaidi kwa samaki. Na wewe: glovu, nje penye upepo, usivute harufu. Kitu hiki kinahusishwa na saratani kwa binadamu, siyo cha jikoni.

Asiyetaka fomalini: metronidazo, mg 25 kwa lita, kila saa 48, mara kadhaa. Ni ya polepole zaidi kuliko ugonjwa wenyewe, ndiyo kasoro yake.

Minyoo bapa: prazikwanteli, ile ile ya kichocho. Dozi mg 2.5 kwa lita. Kidonge cha mg 600 kinatosha lita 240. Kwa lita 80 ni theluthi. Haiyeyuki majini. Saga iwe unga laini kabisa, koroga na pombe kali ml chache au spiriti safi ya kunyweka, halafu mimina taratibu kwenye mkondo. Vidonge vya binadamu vina wanga na vijazio, hivyo maji yanapata ukungu na bakteria wanachachamaa. Hewa iongezwe, skima (kifaa cha kutoa uchafu kwa povu) izimwe siku ya dozi.

Rudia baada ya siku 5 hadi 8. Dozi moja HAITOSHI: mayai hayafi, yanaanguliwa siku zinazofuata. Mayai yana nyuzi zinazonasa kwenye nyavu na sponji, basi navyo vioshwe na kukaushwa.

Kutaka uhakika kama ni minyoo: tia samaki kwenye maji matamu, joto sawa na pH sawa na tangi lake, hewa ikitoka, dakika 5, chombo cha rangi nyeusi chini. Minyoo inageuka myeupe na kudondoka, unaiona. Hiyo inapunguza mzigo, haitibu. Kwa madoa meupe maji matamu hayafiki chini ya ngozi.

---

#14 Mchangani

Je, klorokwini? Nasikia inatibu velveti na madoa meupe kwa dozi moja tu.

---

#15 Bi_Matumbawe

Inatibu, kwa unga safi wa klorokwini fosfeti, mg 15 kwa lita. Lita 80 ni mg 1,200. Shida zake ni tatu. Haina kipimo cha nyumbani, hujui imebaki kiasi gani. Mwanga na bakteria wanaimaliza, hivyo taa zizimwe na pasiwe na mkaa wala UV. Na kuipata safi ni kazi: Kenya iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria 1998, Tanzania 2001, vidonge vilivyobaki mitaani hujui umri wake. Ukikipata cha halali, kumbuka kidonge cha mg 250 za fosfeti ni mg 150 za klorokwini yenyewe, na lebo nyingi zinataja hiyo ya pili. Hesabu yetu ni ya fosfeti.

Unga huo uwekwe alama. Machi 2020 kule Arizona mtu alifariki baada ya kumeza klorokwini ya kusafishia tangi la samaki akidhani inamkinga na korona.

---

#16 Pwani_Reef

Mbona mnawatisha watu? Mimi naona matangi mengi tu yana hayo madoa na samaki wanaishi miaka. Lisha vizuri, weka UV na kitunguu saumu, basi.

---

#17 MwanaShimoni

@Pwani_Reef kuna ukweli ndani yake ila siyo ule unaoudhani. Samaki aliyepona *Cryptocaryon* hupata kinga ya kiasi. Kwa majaribio imeonekana kudumu hadi miezi sita hivi. Maabara pia waliona kundi moja la kimelea likidhoofika baada ya mizunguko kama 34. Kwa hiyo tangi lililofungwa, samaki wale wale, hakuna mgeni, linaweza kuonekana salama muda mrefu.

Sasa leta mgeni mmoja asiye na kinga. Au umeme ukatike usiku, maji yapoe na oksijeni ishuke. Wote wanalipuka wiki moja. Kitunguu saumu kinamvutia samaki kula, na kula ni jambo jema, lakini hakiui kimelea. UV inapunguza vichanga vinavyopita kwenye taa. Kichanga kilichotoka kwenye jiwe alipolala samaki usiku hakipiti huko. Samaki msafishaji na kamba msafishaji nao hawafiki chini ya ngozi.

Na ujanja huo kwa velveti haupo. Velveti haikai na mtu.

---

#18 Dokta_Hadubini

Kwa wanaochota maji baharini, na wa mwambao ni wengi: maji hayo yanaweza kuja na vichanga. Chota wakati wa kujaa, bamvua ndiyo bora, mbali na mto na bandari, na siyo ndani ya siku mbili baada ya mvua kubwa kwa sababu chumvi imeshuka. Kisha moja kati ya mawili. Ama yakae gizani kwenye pipa lililofunikwa wiki tatu, bila samaki wala jiwe. Ama yatiwe jiki isiyo na manukato ya 3.5%, ml 30 kwa lita 100, saa 24 na hewa ikizunguka, halafu sodiamu thiosalfeti gramu 7 kuimaliza klorini. Pima klorini kwa kipimo cha bwawa la kuogelea. Isome sifuri kabla samaki hajaona maji hayo.

---

#19 Mchangani

Siku 76 zikiisha, narudisha wote kwa pamoja? Na karantini iwe chumba kimoja na tangi kubwa?

---

#20 FundiTangi

Wote kwa pamoja siyo vizuri kwa bakteria wa tangi lililokuwa halina mzigo wa kinyesi miezi miwili na nusu. Kipindi chote cha utupu tonesha chakula kidogo kila baada ya siku kadhaa, kamba na konokono watakula na bakteria watabaki hai. Kisha rudisha wadogo wapole kwanza, wiki moja, halafu kangaja mwisho maana ni wagomvi wa eneo.

Chumba: velveti husafiri kwenye matone madogo ya hewa inayopasuka juu ya maji, na imeonekana kufika mita 3 hewa ikisogea. Kwa hiyo mita 3 au zaidi, feni isielekezwe kutoka karantini kwenda tangi kubwa, na mfuniko juu ya yote mawili. Wavu, sirinji, ndoo, taulo, kila upande vyake, vipige rangi tofauti. Huduma anza na tangi kubwa, malizia karantini, siyo kinyume, na mkono ukauke kabla ya kurudi.

Tumbawe jipya na konokono wapya nao wahesabiwe siku 76 kwenye chombo chao bila samaki. Kifuko kinakaa kwenye gamba kama kinavyokaa kwenye jiwe.

---

#21 Mchangani

Nashukuru wakuu. Naanza kutoa samaki kesho. Yule mdogo wa pangoni hatoki hata kwa mtego wa chupa.

---

#22 Kangaja_Bluu

Toa mawe, ndugu. Hakuna njia ya mkato. Punguza maji hadi robo usiku taa zikiwa zimezimwa kwa muda wa saa mbili, mulika tochi nyekundu, jiwe alimolala liinue taratibu moja kwa moja juu ya ndoo na umwagie maji ya tangi tunduni, atateleza mwenyewe. Maji uliyotoa yahifadhi kwenye mapipa safi ili umrudishie tangi usiku huo huo. Matumbawe magumu yakikaa nje ya maji dakika chache hayadhuriki, ila yafunike taulo lenye maji ya tangi.